Anza na Maganda: Mwongozo Kamili kwa Mtaa Unaotaka Kupunguza Taka

Mwaga chini gunia la taka la nyumba yoyote ya Kampala, Jinja au Mbale. Macho yatakimbilia kaveera (mifuko ya plastiki) na chupa za maji, maana ndizo zenye rangi. Lakini ukipanga mafungu na kuyapima, zaidi ya nusu ya uzito ni maganda: ya matoke, ya mihogo, ya viazi, magunzi ya mahindi, masalia ya fenesi. Hayo ndiyo yanayooza na kunuka. Ndiyo yanayochafua chupa na karatasi hata mnunuzi akazikataa, na ndiyo yanayolifanya gunia kuwa zito hadi mchukuzi akaongeza bei.

Kampeni nyingi za usafi huanza na plastiki, kisha hufa. Hapa tunaanza na maganda. Yakitolewa jikoni kabla ya kugusana na vingine, kazi iliyobaki inakuwa nyepesi, na nyingine inaingiza hela.

Nani asiyejua Kiteezi? Jaa lile la wilayani Wakiso lilianza kupokea taka za Kampala mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wake uliporomoka juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Taka mbichi zikirundikwa hivyo hushika maji, huchacha na kutoa gesi. Mwinuko ukizidi, hakuna cha kuzishikilia. Kila ndoo ya maganda inayobaki mtaani haiendi kuongeza mlima wa namna hiyo.

Hesabu za mwongozo huu ni za mtaa wa nyumba 60. Wenu ukiwa mkubwa, anzeni na kipande chake.

Hatua ya 1: Pimeni kwa siku saba

Msikisie. Chagueni nyumba kumi za aina mbalimbali: mbili zenye familia kubwa, nne za vyumba vya kupanga (mizigo, kama inavyoitwa Kampala, ingawa kwa Kiswahili cha kwingine msikilizaji atadhani mnahama), moja yenye duka, moja ya muuza chapati, mbili za kawaida. Azimeni mizani ya kuning'iniza ya kilo 50; wauza makaa na wanunuzi wa vyuma wanazo.

Kila asubuhi chukueni taka za nyumba hizo, mzimwage juu ya turubai na kupanga mafungu sita: maganda na mabaki ya chakula, plastiki ngumu na chupa, kaveera, karatasi na maboksi, chuma na kioo, na mwisho pampasi, majivu na vumbi la kufagia. Pimeni kila fungu, andikeni daftarini. Vaeni glovu nene na viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu wembe na sindano zimo. Siku zote saba ni lazima: Jumapili na siku ya soko hazifanani na Jumanne.

Kama hamna pa kuanzia, wastani wa nchi za kusini mwa Sahara ni karibu nusu kilo ya taka kwa mtu kwa siku. Nyumba 60 za watu watano ni kilo 150 kwa siku. Maganda yakiwa theluthi mbili, mna kilo 100. Iandikeni namba hiyo kwa herufi kubwa, maana kila hatua inayofuata inaitegemea.

Hatua ya 2: Tafuteni wa kuyapokea kabla ya kukusanya

Kosa kubwa ni kugawa ndoo kwanza, maganda yakajaa, ndipo watu waanze kuulizana yaende wapi. Siku ya tatu pananuka, siku ya tano mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) anaitwa kusuluhisha.

Mpokeaji wa kwanza ni mfugo. Ng'ombe wa ndani, mbuzi na nguruwe hula maganda ya matoke yakiwa mabichi, na wafugaji wa pembezoni mwa miji huyanunua kwa gunia. Tembeleeni wafugaji watatu au wanne, muwaulize maswali matatu: wanataka magunia mangapi kwa wiki, wanayataka ya siku ngapi, na nani analipa usafiri. Msitegemee mmoja. Akiuza ng'ombe wake, mtabaki na kilo 100 mlangoni.

Kuna masharti mawili. Maganda ya mihogo, hasa michungu, yana sumu ya sianidi. Yakatwe vipande na kuanikwa juani siku mbili tatu kabla ya kulishwa, wala yasichanganywe na ya matoke yakiwa mabichi. Sharti la pili ni kaveera. Ng'ombe akiimeza haitoki. Hujikunja tumboni, akakonda huku anakula, na mwisho hufa. Wembe au msumari ni hatari vilevile. Mfugaji akikuta kimoja tu, mmempoteza, na atawaambia wenzake.

Mpokeaji wa pili ni mboji, wa tatu ni makaa ya maganda. Kwa mtaa uliosongamana kama Bwaise au Katwe, mboji haiwezi kumeza kilo 100 kwa siku, eneo halipo. Mgao unaowezekana ni kilo 70 kwa wafugaji na 30 kwenye mboji. Mkiwa na mashamba jirani, kama Mukono au Bombo, geuzeni.

Hatua ya 3: Kikao

Pitieni kwa mwenyekiti wa LC1 kwanza, aitishe kikao yeye. Kikao kiwe kifupi, jioni watu wakitoka kazini, na msianze na hotuba ya mazingira. Leteni turubai lile lenye mafungu sita na namba zenu. Mama akiona fungu la maganda limeyazidi mengine yote, hahitaji kuelezwa.

Mambo manne yaamuliwe hapohapo na kuandikwa: kiwanja cha mboji ni cha nani na kwa muda gani (mwenye ardhi atie sahihi mbele ya LC1, la sivyo mboji ikishanoga ataidai yake), nani atakusanya na atalipwa nini, nani anashika daftari la hela, nani anashika kufuli la hela zenyewe. Mshika hela na mshika daftari wasiwe mtu mmoja. Vikundi vya akina mama vya kuweka akiba vinafaa sana, kwani vimeshazoea kuhesabiana.

Wenye nyumba za kupangisha waitwe wenyewe. Wapangaji huhama kila baada ya miezi michache, na anayeingia hajui utaratibu. Mwenye nyumba akimkabidhi ufunguo, amkabidhi na ndoo.

Kwa kusafisha kiwanja, tumieni siku ya bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Watu wameshazoea kutoka na majembe siku hiyo, na hakuna atakayeuliza posho.

Hatua ya 4: Ndoo mbili, si tano

Kuna miradi huleta ndoo tano za rangi tano. Kwenye chumba kimoja cha watu wanne, ndoo tano zitakaa wapi? Zitageuka za maji. Ndoo mbili zinatosha: moja ya maganda, yenye kifuniko; nyingine, au gunia tu, ya vitu vikavu. Ya maganda ikatwe kutoka jerikeni ya lita 20 iliyopasuka: kata upande wa juu kuzunguka, bakiza sentimita kumi bila kukata ziwe bawaba, uache mpini. Toboa matundu matano madogo chini, uiweke juu ya sinia kuukuu, ili majimaji yatoke na maganda yasivunde.

Tandika karatasi ya gazeti chini kila ikimwagwa. Nzi wakizidi, nyunyiza kiganja cha majani makavu juu, si majivu. Majivu ya sigiri ndiyo chanzo cha ndoo nyingi kuyeyuka: juu yamepoa, ndani kuna kaa moto. Yawekwe kwenye kopo la bati, yakipoa kabisa yamwagwe chooni cha shimo, yanapunguza harufu na nzi.

Mkusanyaji apite mara tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya saa tatu, na mkokoteni au toroli lenye ndoo kubwa mbili. Zaidi ya siku tatu maganda hutoa funza.

Pampasi na taulo za kike hazina jibu zuri. Zifungwe peke yake na kwenda na gari la taka. Sindano zipelekwe kituo cha afya ndani ya chupa ngumu iliyofungwa.

Hatua ya 5: Mboji

Kiwanja kiwe mahali palipoinuka, si kinamasi, angalau mita 30 kutoka chemchemi au kisima, na kisiwe juu yake kwenye mteremko. Kivuli cha mwembe au mfenesi ni neema: jua kali hukausha rundo, mvua kubwa hulizamisha.

Kwa kilo 30 za maganda kwa siku, karibu ndoo tatu za lita 20, mnahitaji ndoo sita za vitu vikavu. Ndiyo, mara mbili. Hapa ndipo miradi mingi ya mboji huanguka. Maganda ya matoke ni maji matupu. Yakirundikwa peke yake hushikana kama ugali, hewa haipiti, na bakteria wanaofanya kazi ni wale wa uvundo. Kikavu kizuri kuliko vyote ni essanja, majani makavu ya mgomba, yaliyokatwa urefu wa kiganja. Nyasi kavu, maganda ya kahawa na maboksi yaliyochanwa pia yanafaa. Vumbi la mbao liwe kidogo tu, ndoo moja kati ya sita, kwa sababu huoza taratibu mno na hula nitrojeni ya rundo zima. La mbao zilizopakwa dawa lisitumike kabisa.

Essanja hukusanywa wakati wa kiangazi, Januari na Februari, tena Juni na Julai, na kutunzwa chini ya paa. Mtu anayeanza kuitafuta Aprili, mvua zikinyesha, ameshachelewa. Wekeni akiba ya mwezi mzima.

Rundo linajengwa hivi. Tandika chini vijiti na mabua unene wa sentimita 15 ili hewa ipite. Juu yake kikavu sentimita 20, kisha maganda sentimita 10, kisha sepetu moja ya mboji ya zamani au samadi mbichi ya kuamsha. Nyunyiza maji kidogo kwenye kikavu, si kwenye maganda. Rudia mpaka mita moja na robo. Upana usipungue mita moja kila upande, kwani rundo dogo halishiki joto. Tabaka la mwisho liwe kikavu daima. Ganda likionekana juu, nzi na panya wameshaliona kabla yako. Kwa kiasi hiki rundo moja linajaa kwa siku tano au sita.

Nyama, mafuta, posho (ugali) iliyopikwa kwa wingi, kinyesi cha mbwa na karatasi za kung'aa zisiingie. Magunzi na mikungu yakatwe urefu wa kidole, la sivyo utayakuta mazima baada ya miezi mitatu.

Chomeka nondo katikati ya rundo. Baada ya siku tatu ichomoe uishike: ikikushinda kwa moto, mambo yako sawa, ndani kuna nyuzi 55 hadi 65, na hizo zinaua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Ikiwa ya vuguvugu au ya baridi, shika ngumi ya vitu vya ndani uikamue. Yakitoka matone mawili matatu, maji yanatosha. Yakichuruzika, ongeza kikavu na ugeuze. Isipotoka hata tone na ukifungua kiganja vikatawanyika, nyunyiza maji.

Geuza siku ya tano, vya nje viingie ndani, kisha kila wiki kwa wiki nne. Likishapungua nusu, unganisha marundo mawili na kuyaacha wiki sita bila kugusa. Jumla ni kama miezi miwili na nusu. Kwa mzunguko huo mnahitaji nafasi kumi za mita moja na nusu, pamoja na njia za kupita: kiwanja cha mita tano kwa saba kinatosha.

Pua ndiyo fundi mkuu. Harufu ya mayai mabovu ni maji mengi na hewa kidogo: geuza, ongeza kikavu. Harufu kali ya mkojo inayochoma macho ni mabichi yamezidi au mmetia majivu: ongeza kikavu, acheni majivu. Rundo likikaa tu bila joto wala harufu, ni dogo au ni kavu. Funza wapana wa kijivu wanaojinyonganyonga ndani si adui. Waacheni kuku wachakure.

Mboji iliyokomaa ni nyeusi, haina joto na inanukia udongo wa msituni baada ya mvua. Ijaribu: changanya nusu mboji nusu udongo kwenye kopo, panda mbegu kumi za maharage. Zikiota nane au zaidi na majani yakawa ya kijani, tumieni. Zikiota na kunyauka au kugeuka njano, subirini wiki tatu.

Msitarajie kuiuza mwaka wa kwanza. Itumieni kwenye magunia ya mboga, hapo watu wataiona faida. Chukua gunia la kilo 100, changanya udongo ndoo mbili kwa mboji moja. Simamisha kopo refu lisilo na kitako katikati, lijaze kokoto, jaza mchanganyiko kuzunguka, vuta kopo juu, ujaze tena hadi mwisho. Utabaki na mhimili wa kokoto unaopeleka maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni kila sentimita 20, panda sukuma wiki. Juu panda dodo (mchicha) au nakati (mboga nyingine ya majani). Mwagilia kwenye kokoto. Gunia likilegea na kuinama, udongo haukushindiliwa kidogokidogo wakati wa kujaza.

Hatua ya 6: Makaa ya maganda, mkitaka

Fanyeni hesabu kabla ya kushawishika. Kilo 100 za maganda mabichi zikikauka hubaki kama kilo 15. Zikichomwa kuwa makaa hubaki kilo nne tu. Kwa hiyo maganda peke yake hayalipi. Yachanganyeni na chenga za makaa zinazobaki chini ya magunia ya wauzaji, ambazo aghalabu hutupwa.

Anika maganda mpaka yavunjike kwa mlio. Yajaze kwenye pipa la lita 200 lenye matundu chini, washa kutoka juu. Moshi ukiwa mzito na mweupe, bado ni maji. Ukipungua na kuwa wa bluu hafifu, funika pipa, ziba matundu yote kwa udongo, uliache usiku kucha. Ukifungua mapema yote yatakuwa majivu.

Saga, pepeta. Kwa kilo 10 za vumbi la makaa, pika uji wa nusu kilo ya unga wa muhogo katika lita nne za maji hadi uvutike. Kanda pamoja, finyanga kwa mkono au kopo ukikandamiza kwa nguvu, anika siku tatu hadi tano. Yakivunjika, uji ni kidogo au vumbi ni la chembe kubwa. Yakifuka moshi, maganda hayakuiva kuwa makaa au donge halijakauka. Yakiota ukungu, unga umezidi. Na kama makaa yoyote, yasiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa: gesi yake haina harufu na inaua.

Hatua ya 7: Vikavu

Maganda yakishatoka, hapa kazi ni ndogo. Chupa za maji na soda zitolewe vifuniko na kukanyagwa. Gunia la chupa zisizokanyagwa ni gunia la hewa. Kilo moja huchukua chupa kati ya 45 na 80 za nusu lita, kutegemea unene. Ulizeni bei kwa wanunuzi watatu, pimeni kwa mizani yenu kabla ya yao. Vifuniko na jerikeni ni plastiki ya aina nyingine, viwekwe peke yake. Chombo kilichowahi kuwa na dawa ya shambani kisioshwe na kutumiwa kwa maji ya kunywa. Kisuuzwe mara tatu shambani, kitobolewe.

Kaveera ndiyo ngumu. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya 2019 inapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea yenye unene wa chini ya maikroni 30, lakini sokoni bado imejaa. Njia inayofanya kazi ni kuzungumza na wauza duka watano wa mtaa, wamwombe mteja aje na kikapu. Kuichoma si njia: moshi wake ni sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto anayecheza karibu.

Wiki ya tatu

Wiki mbili za kwanza kila mtu ni mwema. Ya tatu mtaanza kuona kaveera ndani ya ndoo ya maganda. Mkusanyaji asichambue kwa niaba ya mwenye ndoo, akifanya hivyo mara moja ameajiriwa milele. Aiache pale pale na kusema kwa upole, "Nyabo, leo nimeikuta imechanganyika, nitapita kesho." Ikijirudia mara tatu, aende mama mmoja wa kikundi, si mwenyekiti, na aende kuuliza: huenda ndoo imepasuka, au msichana wa kazi ni mgeni na hakuna aliyemweleza. Faini ikitangulia, watu hutupa usiku mferejini, na mfereji ukiziba mtaa mzima unafurika.

Baada ya miezi mitatu, rudini kwenye nyumba zilezile kumi na mizani ileile, siku saba. Linganisheni lile fungu linalokwenda na gari la taka. Likiwa limepungua nusu, mwenyekiti amwite mchukuzi wazungumze: kama alikuwa akija mara mbili kwa wiki, aje mara moja, na bei ishuke kwa kiwango hicho.